Trekta la bustani linaloishiwa nguvu likipata moto: oili nzito si dawa

SWALI: Nina trekta dogo la bustani, Cub Cadet la miaka ya 1970, lenye gia ya haidrostatiki. Asubuhi linapanda mwinuko bila shida, lakini likishakata nyasi kwa dakika 40 linagoma, mbele na nyuma. Jirani amenishauri nimwage oili na kutia oili ya gia namba 90. Nifanye hivyo? (Msomaji, Ohio, Marekani)

JIBU: Usitie. Ushauri huo naukuta karibu katika kila trekta la aina hii linaloletwa kwangu likiwa limekwisha haribika, nao unatokana na kudhani kwamba oili humu ni ya kulainisha meno ya gia tu. Katika mfumo wa haidrostatiki oili ndiyo inayobeba nguvu: pampu ya pistoni huisukuma hadi kwenye mota, mota ikazungusha ekseli, na oili ikarudi kwenye pampu. Inayovuja njiani hufidiwa na pampu ndogo ya kujazia, ambayo huivuta kupitia filta.

Kwa hiyo oili ya namba 90, kwa kuwa ni nzito, asubuhi ya baridi haivutiki. Pampu kubwa hukosa oili, na vipovu vinavyozuka hupasuka juu ya chuma na kukitafuna. Sahani ya vali, yaani bamba la pampu lenye matundu ya kupitishia oili, ikiwa nzima hung'aa kama kioo. Niliyoitoa mara ya mwisho katika pampu iliyotiwa oili nzito ilikuwa na mikwaruzo ambayo ukucha ulinasa.

Kwa trekta lako, anza na uchafu wa nje, kwa maana nyasi zilizogandamana kwenye feni na kuizunguka nyumba ya pampu huzuia joto kutoka. Kisha mwaga oili na uitazame: ikifanana na chai ya maziwa, imeingia maji. Tia Hy-Tran, ambayo ndiyo oili iliyokusudiwa mfumo huo, badilisha filta, inua magurudumu ya nyuma kwa jeki na usogeze mkono wa mwendo polepole mbele na nyuma hadi hewa iishe. Kama nguvu ingepungua upande mmoja tu, yaani mbele peke yake au nyuma peke yake, ningeshuku vali ya upande huo. Ikipungua pande zote mbili, kasoro iko kwenye uvutaji wa oili au kwenye uchakavu. Ikiendelea kudhoofu baada ya hapo, fundi apime presha ya pampu ya kujazia kwa geji kabla ya kufungua chochote, wala usikubali mtu asugue sahani ya vali kwa msasa wa mkono, kwa sababu nafasi kati ya vyuma hivyo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba oili nzito huonekana kuponya kwa siku chache, kwa kuwa huchelewa kuvuja kwenye nafasi zilizochakaa. Wauzaji wasio waaminifu wanalijua hilo vizuri. Anayenunua trekta kuukuu asiridhike na kuliona likitembea uani likiwa baridi. Alifanyishe kazi kwa saa nzima, kisha alisimamishe katikati ya mwinuko na kuliondoa hapo.