Mkusanya Taka Hagusi Kilichoshikwa

Kwa miaka kadhaa niliandika programu kwa Java nikiamini kwamba habari za kumbukumbu hazinihusu, maadam yupo mkusanya taka, sehemu ya Java inayoachilia yenyewe nafasi ya kumbukumbu. Imani hiyo ilinitoka pale mfumo wa malipo niliokuwa nikiutunza ulipoanza kuzimika kila baada ya siku nne, ukiacha neno OutOfMemoryError (kosa la kuishiwa kumbukumbu) kwenye logi, faili la matukio ya mfumo. Nikaiongezea seva kumbukumbu maradufu. Ikazimika siku ya tisa.

Mkusanya taka, tangu John McCarthy alipobuni utaratibu huo kwa ajili ya lugha ya programu ya Lisp mwaka 1959, haulizi kama kitu bado kina kazi. Huuliza tu kama programu ingali inaweza kukifikia. Nilipochukua picha ya kumbukumbu kwa jmap, amri ya Java ya kuchungulia kumbukumbu, nikiweka chaguo la live ili taka halisi ziondolewe kwanza, nilikuta HashMap moja (jedwali linalohifadhi kila thamani kwa ufunguo wake) ya static, yaani inayodumu muda wote programu inapoendesha, imeshikilia mamia ya maelfu ya maombi yaliyokwisha kujibiwa.

Kilichonishangaza ni kwamba mstari wa kuyafuta ulikuwepo, tena niliuandika mwenyewe. Kosa lilikuwa kwenye ufunguo. hashCode yake, yaani hashi, namba inayoonyesha mahali pa kukitafuta kitu ndani ya HashMap, ilikokotolewa kutokana na saa ya ombi na namba ya simu, na sehemu nyingine ya programu iligeuza namba zilizoanza na 07 zianze na 2557, ndani ya kitu kilekile, wakati kimeshaingizwa kwenye HashMap. Hashi ikabadilika, remove, amri ya kufuta, ikatafuta penye hashi mpya, isione kitu, ikarudisha null (yaani “hakuna”) kimyakimya, na ombi likabaki pale lilipo. Kwa hiyo ufunguo uwe kitu kisichobadilika: String au namba ya muamala inatosha.

Wengi hukimbilia WeakHashMap, jedwali linalomruhusu mkusanya taka kuondoa ufunguo usioshikwa na kitu kingine. Itumieni kwa tahadhari, kwa sababu ufunguo pekee ndio unaoshikwa kwa udhaifu, ilhali thamani inashikwa barabara. Thamani ikiurejelea ufunguo wake, hakuna kitakachoondoka. Kwa hifadhi ya muda mimi hupendelea LinkedHashMap, jedwali linalokumbuka mpangilio wa vitu, yenye removeEldestEntry ya kuondoa kilicho kikongwe zaidi, ambayo ukomo wake naujua kabla ya kuiwasha.

Jambo jingine nililolianza ni kusoma jibu la remove: likiwa null mahali ambapo halipaswi kuwa null, onyo huandikwa kwenye logi. Wiki ya kwanza yalitokea maonyo ishirini na moja, yote kutoka sehemu ya mfumo ambayo hatukuwahi kuishuku.