Simbilisi wachanga wanaojificha

Umeuliza kwa nini simbilisi (guinea pig) wako wawili wachanga, dume na jike walio ndugu, wanajificha tangu uwalete nyumbani. Kujificha siku mbili tatu baada ya kuhamia kwako ni woga tu, mradi wanakula. Usiwavute nje, wape kiboksi cha kujibanza, maji, na nyasi kavu tele usiku na mchana. Mwili wao hautengenezi vitamini C, kwa hiyo kipande cha pilipili hoho kila siku (wangu huanza kupiga kelele nikishika tu kisu). Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba umesema ni dume na jike. Undugu hauwazuii: dume anaweza kupandisha akiwa na wiki 3 hivi. Watenganishe leo hii. Na asiyekula kwa nusu siku, mpeleke kwa daktari wa wanyama, usingoje kesho.