Mnaoanza kazi za hatari, hili la mazoezi ya timu lisikieni mapema

Nyie mnaoingia hospitali, zimamoto, migodini au kwenye ndege, treiningi mtaitiwa nyingi na zingine mtasinzia tu, mtu anasoma slaidi masaa matatu halafu mnasaini mnaondoka. Treiningi ya maana utaijua kwa kitu kimoja, je mdogo anazoezwa kumwambia mkubwa "simama", na mkubwa anazoezwa kusikia?

Kuna ajali ya United Airlines safari namba 173, Portland, Marekani, Desemba 28, 1978. Magurudumu yalileta wasiwasi wakati wa kutua, kapteni akazunguka angani karibu saa nzima akili yote iko huko, mafuta yakaisha, ndege ikaanguka wakafa watu 10 kati ya 189. Kinachouma ni kwamba mafuta kupungua kulijulikana, injinia wa ndege aligusia kabisa, ila kugusia na kusema ni vitu viwili. 1979 NASA, shirika la anga la Marekani, wakaitisha mkutano juu ya mambo hayo, 1981 United wakaanza kuwafundisha marubani kufanya kazi kama timu, na baadae hospitali nazo zikauchukua mtindo huo, hasa watu wa dawa za usingizi na upasuaji.

Kwa hiyo ukiona kitu usizungukezunguke. Mwite mtu, sema unachoona, sema unataka nini: "Dokta, presha imeshuka hadi 70, naomba tusimame kwanza." Kimya? Rudia kwa sauti. Bado kimya, ita anayemzidi cheo. Ndio, kama umeanza juzi inatisha, ndo maana inafanyiwa mazoezi kabla.

Na agizo lirudiwe kwa sauti na aliyepewa. Mtu akipiga kelele "adrenalini!" kila mmoja anadhani mwenzake kaenda kuchukua, mnabaki mnaangaliana. Inatakiwa aitwe mtu kwa jina, "chota adrenalini miligramu 1", ajibu "nachota miligramu 1", akishachoma aseme "miligramu 1 imeingia". Mazoezini mtajiona kama kasuku, vumilieni.

Kikao cha baada ya zoezi wengi wanakikimbia, wakati kwangu mimi somo lenyewe liko hapo. Bosi akianza kuongea wote wanameza maneno yao, bora aanze mdogo, aulizwe dakika ile uliona nini, ulitaka kusema nini ukanyamaza. Habari za nani kakosea ziwekeni pembeni, zikianza tu watu wanajitetea na kikao kimekufa.

Midoli ya bei mbaya ya kufanyia mazoezi kama mgonjwa mimi hainibabaishi. Zoezi la dakika 15 kwenye chumba chenu, na vifaa vyenu, litawaonyesha kwamba mtungi wa oksijeni umefungiwa kabatini na funguo haijulikani anayo nani. Fanyeni na wale mnaoshinda nao zamu, manesi na madaktari pamoja, na iwe fupi fupi mara kwa mara maana ya siku nzima mara moja kwa mwaka inatoka kichwani haraka sana. Kama kwenye ratiba haipo, muombeni msimamizi hizo dakika 15 kabla ya makabidhiano ya zamu, wengi hawakatai, ni kwamba hakuna anayewauliza.