Ukikaa na mzee aliyepigana vita, anza na chakula

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, akapigana Burma. Alifariki nikiwa darasa la sita na sikuwahi kumuuliza lolote. Kwa hiyo nilipokwenda kusoma Ankara, nikagundua jirani wa chini ni gazi, yaani askari mkongwe, wa vita vya Korea, niliona Mungu amenipa nafasi ya pili.

Siku ya kwanza nikaiharibu. "Dede, uliua wangapi?" Dede ni babu kwa Kituruki. Akazima televisheni, akaenda chumbani. Wiki tatu hakunikaribisha tena. Swali hilo usimuulize mzee yeyote, hata kama mmezoeana.

Nikarudi na mkate wa moto, nikamuuliza walikula nini kule. Hapo akafunguka. Makopo ya Wamarekani waliyakataa mpaka wahakikishiwe si nyama ya nguruwe. Mkate uliganda kama jiwe, wakauweka kwapani kabla ya kula. Kutoka mkate tukafika kwenye meli: kutoka bandari ya İskenderun, Uturuki, hadi Pusan (leo Busan), Korea Kusini, mwaka 1950, karibu wiki tatu majini, yeye ambaye bahari hakuwahi kuiona. Brigedi yao ilikuwa na watu kama 5,000, chini ya Jenerali Tahsin Yazıcı. Serikali yao ilikuwa ikitaka kuingia NATO, na mwaka 1952 ikaingia. Yeye alisema tu kwamba aliitwa, akaenda.

Soma historia kidogo kabla hujaenda, usije ukamkatiza kila mara. Alipotaja Kunu-ri, kule Korea Kaskazini, nilikuwa najua tayari: Novemba 1950, Wachina walishuka kwa wingi, na Waturuki wakapigana kuwazuia huku majeshi ya Umoja wa Mataifa yakirudi kusini. Sikuuliza kitu. Alichukua vipande vinne vya sukari, akavipanga kwenye sinia ya chai. "Sisi wa kijiji kimoja." Kisha akavisogeza vitatu pembeni, kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole.

Nilitamani mno kusema pole. Nashukuru nilinyamaza, maana ndipo alipoanza kuwataja kwa majina: nani alikuwa na sauti nzuri ya kuimba, nani alikuwa ameacha mchumba. Chai ikapoa. Sukari ile hakuitumia, na mimi sikuigusa.

Simu usiitoe kurekodi siku za mwanzo. Mimi niliomba ruhusa mwezi wa tatu, akakubali, ila kila alipofika Kunu-ri aliniashiria nizime, nami nikazima. Mengine niliandika usiku nikifika chumbani, kwa maneno yake mwenyewe, hata yale ya kijijini ambayo sikuyaelewa. Andika usiku uleule. Asubuhi utakuta umeshaanza kuyapamba.

Siku moja nilimwonyesha kwenye simu picha za makaburi ya Umoja wa Mataifa kule Busan, walikozikwa Waturuki 462. Aliomba nikuze picha. Nikakuza. Akavaa miwani, akaanza kusoma mawe, safu baada ya safu, midomo ikicheza bila sauti.

"Endelea," akaniambia. "Sogeza kulia."

Tulisogeza mpaka chaji ikaisha.