Daraja likishavunjika: kutathmini mashindano ya wanafunzi wa uhandisi na kuyaandikia ripoti

Jioni ya mashindano ukumbi hubaki na vipande vya mbao, mchanga sakafuni na karatasi za alama zilizosambaa juu ya meza tatu. Msianze kufagia. Mtu mmoja, aliyetajwa tangu asubuhi, azikusanye karatasi zote, azihesabu, azipige picha moja moja kwa simu, kisha azitie katika bahasha itakayosainiwa na waamuzi wote juu ya mfuniko wake. Timu zikiwa 18 na waamuzi 3, karatasi lazima ziwe 54. Zikiwa 53, tafuteni usiku uleule. Kesho yake mwamuzi atakuwa amesharudi mjini kwake, Likasi, na alama atakazozitoa kichwani kwa njia ya simu hazina thamani yoyote.

Hapa tunasema juu ya mashindano ambayo kitivo chochote cha uhandisi hapa Lubumbashi kinaweza kuyaandaa bila mfuko mkubwa: daraja la vijiti vya mbao na gundi nyeupe, lenye urefu uliopangwa, linalopakiwa mzigo, yaani mchanga unaomiminwa katika ndoo iliyoning'inizwa chini yake, mpaka livunjike. Anayeandaa mashindano ya roboti au ya pampu za maji atabadilisha vipimo tu. Kazi ya baadaye ni ileile. Kipimo chetu cha ripoti nzuri ni kimoja: timu iliyoshika nafasi ya mwisho iweze kuichukua, irudie hesabu kwa biki na kaye, na ifike kwenye namba ileile iliyobandikwa ukutani.

Kunakili bila kuharibu

Makosa mengi huzaliwa siku ya pili, wakati wa kuingiza alama katika kompyuta. 36,6 inakuwa 63,6, mstari wa timu ya 7 unaingia katika timu ya 8. Wakae watu wawili: mmoja asome karatasi kwa sauti, mwingine aandike, wakimaliza wabadilishane, aliyeandika asome kutoka kwenye kompyuta na mwenzake atie alama ya biki nyekundu kwenye nakala ya karatasi. Kwa timu 18 kazi hii haizidi saa moja na nusu.

Kuna mtego mwingine ambao kwetu ni wa kila mara. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa inataka mkato katika desimali, yaani 38,4. Mtu akiandika 38.4 kwa nukta, au akibandika namba kutoka kwenye simu iliyopangwa kwa Kiingereza, Excel inaweza kuichukua kama maneno. Haitoi onyo lolote: hesabu ya jumla inairuka tu, na timu inapoteza alama zake kimyakimya. Angalia jinsi namba zinavyokaa ndani ya seli. Zilizo namba kweli hulala upande wa kulia. Iliyogeuka maneno hulala kushoto. Pitisha jicho kwenye kila safu kabla ya kujumlisha chochote.

Jedwali hilo la kwanza lifungwe lilivyo, liitwe «alama ghafi», na lisiguswe tena. Hesabu zote zifanyike katika nakala. Umeme ukikatika katikati ya kazi na faili likaharibika, bado mna karatasi na picha zake.

Kosa la kipimo lina haki ya kutajwa

Daraja kwa kawaida hupewa alama kwa kugawanya mzigo lililobeba kwa uzito wake lenyewe, vyote viwili vikiwa kwa gramu. Daraja la gramu 182 lililobeba kilo 38,4 lina 211,0. La pili, gramu 176 na kilo 36,6, lina 208,0. La kwanza limeshinda, watu wamepiga makofi. Sasa jiulize: mizani mliyotumia inakosea kwa gramu ngapi? Tuseme ni gramu 2, kitu cha kawaida kwa mizani ndogo ya jikoni. Daraja la kwanza likiwa kweli lina gramu 184, alama yake ni 208,7. La pili likiwa na gramu 174, yake ni 210,3. Mshindi amegeuka, na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo maana ripoti lazima iseme mizani ilipimwaje. Chukua kipande cha chuma, kipime asubuhi, saa sita na jioni, na uandike namba zote tatu. Kikisoma gramu 500 asubuhi na 506 jioni, betri imechoka au mizani imesogezwa mahali pasipo sawa, na madaraja ya mchana yameonewa. Kwa mizigo mikubwa, lita moja ya maji ni kilo moja kasoro gramu chache, kwa hiyo bidoni la lita 20 lililojazwa kwa kipimo cha uhakika linatosha kukagua mizani ya kilo.

Mchanga una mambo yake. Wapo wanaohesabu vikombe vya mchanga vilivyomiminwa. Msifanye hivyo, kwa sababu mchanga wenye unyevu una uzito mwingine kuliko mkavu. Daraja likivunjika, pima ndoo nzima pamoja na mchanga, mnyororo na kulabu, maana vyote vilikuwa vinaning'inia. Tena andika mchanga ulimiminwa kwa kasi gani. Kwa kilo 1 kila sekunde 10, msaidizi akichelewa sekunde 2 kufunga, gramu 200 zimeingia katika ndoo baada ya daraja kufa. Katika mzigo wa kilo 36 hiyo ni zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja, na tofauti kati ya madaraja mawili ya mfano wetu haifiki asilimia moja na nusu.

Na mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi mbao hunyonya unyevu na uzito wake hupanda. Gundi nyeupe, inayohitaji saa 24 hivi kukaza vizuri, huchelewa zaidi. Uzito wa daraja uwe ule uliopimwa dakika chache kabla ya kupakia, si ule wa siku ya kujiandikisha. Kama mlitumia wa kujiandikisha, ripoti iseme hivyo wazi.

Tofauti ya washindi ikiwa ndogo kuliko kosa la kipimo, tunashauri nafasi zibaki kama zilivyotangazwa kwa kanuni mliyoiandika kabla, lakini ripoti iseme kwamba timu hizo mbili hazitofautiani kwa vipimo vilivyokuwepo. Matokeo yaliyotangazwa yabadilishwe kwa sababu moja tu: kosa la kunakili au la hesabu ambalo karatasi inalithibitisha. Hapo yabadilishwe mbele ya watu wote, hata kama zawadi imeshachukuliwa.

Waamuzi nao wapimwe

Kwetu kila mtu amezoea alama kwa 20, na kila profesa ana mkono wake. Mmoja anatoa kati ya 12 na 16, mwingine anashuka hadi 6 na kupanda hadi 18. Huyu wa pili ndiye anayeamua mashindano peke yake, maana tofauti zake ni kubwa. Kwa kila mwamuzi andika wastani wake, alama ya chini na ya juu. Wote watatu wakiwa wameziona timu zote, hilo linavumilika. Kama timu ziligawanywa kati yao, ni hatari: 14 kutoka kwa mwenye wastani wa 15 ni alama ya chini, na 12 kutoka kwa mwenye wastani wa 11 ni ya juu. Hesabu kila alama iko juu au chini ya wastani wa mwamuzi wake kwa kiasi gani, na uonyeshe kama mpangilio unabadilika.

Kisha panga alama kwa zamu ya timu kuingia. Linganisha timu 6 za kwanza na 6 za mwisho. Kama zamu ilipangwa kwa kura na bado za mwisho ziko chini kwa alama 2, inawezekana waamuzi walikuwa wamechoka au wana njaa. Timu 6 ni chache, kwa hiyo usiseme umethibitisha. Sema umeona, na mwaka ujao weka mapumziko baada ya kila timu 6.

Jaribu pia uzani wa alama. Formula SAE, mashindano ya magari ya wanafunzi yaliyoanza Marekani mwaka 1981, hugawa alama 1000: 325 kwa kazi inayoelezwa mbele ya waamuzi (usanifu, gharama, mpango wa biashara) na 675 kwa gari linalokimbia kweli. Hakuna anayelazimika kufuata mgawanyo huo, ila unaonyesha kwamba wenzetu waliamua waziwazi kitu gani kina uzito. Kama nyinyi mliweka 60 kwa mzigo na 40 kwa waamuzi, rudia hesabu kwa 50 na 50, halafu 70 na 30. Mshindi akibaki yuleyule, sentensi moja inatosha kulisema. Asipobaki, lisemeni vilevile.

Maswali kwa washiriki

Karatasi ya maswali itolewe baada ya daraja la mwisho kuvunjika na kabla ya washindi kutangazwa. Dakika kumi baadaye haifai tena: walioshindwa watajaza hasira, walioshinda watasifu hata viti. Maswali 8 yanatosha. Mengi yawe ya kuchagua kutoka 1 hadi 5, na mawili ya kuandika kwa uhuru. Hayo mawili yajibiwe kwa lugha yoyote, maana mwanafunzi anayejibu kwa mstari mmoja wa Kifaransa cha darasani hujaza ukurasa kwa Kiswahili. Uliza mambo yanayorekebishika: kanuni zilieleweka? vijiti mlivyopewa vilikuwa sawa na vya wengine? muda wa kukausha gundi ulitosha? Swali kama «mlifurahia?» halimsaidii mtu.

Katika ripoti usiandike «asilimia 75 walijibu» peke yake. Andika 54 kati ya 72. Na wale 18 wasiojibu, taja kama walitoka timu zilizovunjikiwa mapema wakaondoka, kwa sababu hao ndio wenye malalamiko mazito zaidi.

Mkitaka kujua kama wamejifunza kitu, maswali 5 mafupi siku ya kujiandikisha na yaleyale mwishoni: kijiti kipi kinavutwa, kipi kinagandamizwa, kipi hakifanyi kazi. Kila mtu atumie namba ya siri badala ya jina, ili majibu yake mawili yalinganishwe.

Pesa

Ukurasa mmoja. Safu nne: kilichopangwa, kilichotumika, tofauti, sababu. Kwa kuwa tunanunua kwa faranga na tunaahidiwa kwa dola, kila matumizi yawe na kiwango cha kubadilisha cha siku ileile. Ukitumia kiwango kimoja kwa miezi miwili, hesabu haitafunga na watu watawashuku bure. Mama anayeuza mbao katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hatoi risiti. Nenda na kitabu cha hati, andika kitu, kiasi na bei, naye asaini au atie dole gumba palepale.

Ukurasa wa kila timu

Sehemu hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mkuu wa kitivo anataka kurasa kumi na mbili za Kifaransa zenye muhtasari mbele. Mfadhili anataka ukurasa mmoja na picha ambazo waliomo wamekubali zitumike. Mwanafunzi anataka kujua kwa nini daraja lake lilivunjika.

Weka simu juu ya kiguu cha miti mitatu, mbele kabisa ya ubavu wa daraja, na urekodi kwa mwendo wa taratibu. Kwa picha 30 kwa sekunde unaona daraja zima, kisha unaona vipande. Kwa 240, simu nyingi zinaweza, unaona ni kiungo kipi kilianza. Kwa macho tu, watu wote ukumbini wataapa kwamba lilikatika katikati.

Kwenye ukurasa wa timu andika uzito, mzigo, alama za kila mwamuzi, na aina ya kuvunjika: gundi iliachia, kijiti kilikatika kwa kuvutwa, kijiti kilipinda kwa kugandamizwa, au daraja zima lililala ubavu. Tazama uso wa kiungo kilichoachia. Ukiwa laini, wenye gundi inayong'aa upande mmoja tu, basi gundi haikushika: ilikauka kabla ya kubanwa au haikupewa muda. Ukiwa na nyuzi za mbao zilizong'oka, gundi ilikuwa nzima na mbao ndiyo iliyoshindwa. Hapo msimwambie mwanafunzi aongeze gundi, atalizidisha daraja uzito bure.

Kijiti cha juu kilichopinda kama upinde kabla ya kukatika kinahitaji neno lingine. Mzigo wa kukipinda kijiti chembamba kinachogandamizwa hupungua kwa mraba wa urefu wake. Kijiti cha sentimita 12 kikishikiliwa barabara katikati, kikawa kama vipande viwili vya sentimita 6, kinahimili takriban mara 4 kabla ya kupinda. Mchorie. Kishikizo cha gramu moja kingemfikisha mbali kuliko kunenepesha vijiti vyote.

Kurasa hizi zitoke ndani ya siku 14, wakati daraja lao bado liko akilini mwao. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi kwa siku 7 baada ya hapo, na kila timu iruhusiwe kuona karatasi zake halisi na video yake. Mpaka muda huo uishe, madaraja yote yaliyovunjika yakae katika maboksi, kila boksi na namba ya timu, mahali pakavu. Baadaye chagueni manne ya kubaki maabara, moja kwa kila aina ya kuvunjika, na mengine warudishiwe wenyewe.