Mawe yaliyopangwa shambani si ghala la dhahabu

Swali: Tulipokuwa tukilima shamba letu la mahindi huko Uasin Gishu, plau iligonga mawe yaliyopangwa kwa duara kuzunguka shimo lililofukiwa. Mtu mwenye mashine ya kupima madini anasema chini kuna chumba cha dhahabu, naye anataka tumlipe kabla ya kuchimba. Tufanye nini?

Jibu: Msimlipe, na trekta lisipite tena hapo. Kwa maelezo yako, yaelekea mmefikia shimo la wafugaji wa kale waitwao Wasirikwa, yaani zizi la ng'ombe lenye umri wa karne kadhaa. Hata wataalamu waliwahi kukosea: Mary Leakey, alipochimba Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937 na 1938, alidhani watu waliishi ndani ya mashimo hayo, hadi mwanaakiolojia John Sutton alipoonyesha kwamba mifugo ndiyo iliyolala humo, na watu wakalala katika nyumba iliyoshikana na zizi ubavuni. Ukisimama upande wa chini wa mteremko, huenda ukaliona pengo la mlango na mbele yake tuta, ambalo ni samadi na tope vilivyozolewa zizini msimu baada ya msimu.

Linalonisikitisha zaidi ni hiyo mashine. Hulia kweli, na ndiyo maana watu huamini. Lakini mawe ya volkano yana madini ya chuma, na yanaweza kuiliza pasipo dhahabu hata chembe. Wasirikwa walikuwa wafugaji: mali yao ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hao walitoka shimoni kila asubuhi. Nimewahi kusimama kwenye zizi lililochimbwa kwa usiku mmoja, ukuta wake umeng'olewa, mifupa, majivu na vigae vya vyungu vimevurugwa pamoja na udongo wa juu, na hapakuwa na njia tena ya kujua kipi kilitangulia kipi.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua mahali kama hapo atoe taarifa kwa Makavazi (makumbusho) ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, basi pigeni picha, acheni kila jiwe lilipo, mkaripoti. Maneno hayohayo ya dhahabu huwafikia pia wenye mashamba ya Pwani penye visima vya kale na magofu, na waletao maneno hayo hufanana: hutaka malipo mbele, huhimiza kuchimba usiku, na ukiwauliza leseni ya kuchimba mahali pa kale, hawana.