Ukiambiwa Sukari Imeanza Kupanda, Pima Kiuno

Ukipima sukari asubuhi kabla ya kula ikaja 6.1 au 6.5 (kipimo cha mmol/L), bado hujafika kwenye kisukari, ambacho huhesabiwa kuanzia 7.0. Wengi hapa Lamu wakisikia hivyo hukimbilia kuacha halwa na kupunguza sukari kwenye chai. Nami nilianza hapo, na ni vyema. Ila muuguzi aliyenihudumia alitoa futi ya fundi, akanizungusha kiunoni, akaniambia shughuli yangu iko hapo.

Mafuta yanayozunguka ini na utumbo hayakai bure, yanatoa homoni. Iko adiponektini, ambayo hulifanya ini lipunguze sukari linayomwaga kwenye damu na huisaidia misuli kuitikia insulini, homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itumike. Cha kusikitisha, kadiri kitambi kinavyokua ndivyo adiponektini inavyopungua. Iko leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman kule New York. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, shibe imetosha. Mnene huwa nayo tele, lakini ubongo wake hauisikii tena. Juu ya hayo, mafuta yaliyojaa hutoa kemikali za uvimbe zinazoizuia insulini kufanya kazi. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi, hadi linaelemewa.

Ndiyo maana mtu mwenye mikono na miguu myembamba, ambaye mizani haimtishi, huweza kupandwa na sukari. Kwetu kitambi bado husifiwa kuwa ni neema, na jambo hilo linanitia hofu sana kwa ndugu zangu.

Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Kikizidi, tembea. Mimi hutoka Langoni hadi Shela kando ya bahari maji yakipwa, kwa mwendo wa kutoa jasho, kwani msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Wali wa nazi sijauacha. Nimepunguza sahani, nikazidisha samaki na mbaazi.

Anayetumia dawa za sukari amwambie daktari kwanza, maana akipunguza chakula na kutembea sana, sukari yaweza kushuka ghafla.